Siku Kitasa Kilipoharibika

Mwanamke ambaye hawakumjua aliingia uani kwa Yuma, mtaa wa Kampemba, Jumanne asubuhi, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Habiba, mke wa Yuma, alikuwa akichekecha unga. Alimtazama mgeni toka juu hadi chini.

"Kama unatafuta bwana, mama, huyu iko na mwenyewe," alisema. "Tena anakoroma."

Mgeni alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Alisema anaitwa Ngalula. Ni binti wa mzee aliyeanguka kutoka treni ya Kamina Jumamosi iliyopita. Polisi walikuwa wamemwonyesha karatasi ya ukaguzi wa treni ile, akasoma jina la mkaguzi aliyetia sahihi, kisha akauliza kwa watu mpaka akafika hapa.

Yuma alikuwa akinawa uso. Aliacha maji yadondoke, akamletea kiti.

Baba yake Ngalula alikuwa fundi cherehani. Majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali, lakini wateja wake waliendelea kumwita Mzee Émile. Siku ile alikuwa akienda msibani kwa kaka yake. Hakupata kiti, akaegemea mlango wa behewa la tatu, na treni ilipopinda baada ya stesheni mlango ukafunguka. Bahati treni ilikuwa bado inakwenda polepole. Alivunjika nyonga na mkono. Ripoti ilisema abiria alifungua mlango mwenyewe.

"Sasa yeye pia anaanza kuamini," Ngalula alisema. "Kila muntu mwenye kuja ku hopitali, papa anamuuliza: labda nilishika kitasa bila kujua? Papa hajashika kitu, baba. Alikuwa na kofia ku mukono moja na mufuko ku ingine."

Yuma alijua kwamba ni kweli. Ijumaa mlinzi wa behewa lile alikuwa amemwambia kitasa kinateleza. Yuma alimjibu kwamba atakitazama kesho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ambapo wafanyakazi wote walitakiwa kwenda kufyeka majani barabarani. Kwa hiyo wakaguzi walikuwa na desturi yao: Jumamosi walitia sahihi karatasi alfajiri, wakaandika kwamba kila kitu ni kizuri, na ukaguzi wenyewe wakauacha hadi watakaporudi. Siku ile kufyeka kulichelewa. Yuma aliporudi, treni ilikuwa imekwisha kuondoka.

Alimweleza Ngalula yote hayo, bila kujitetea. Habiba aliacha kuchekecha.

Ngalula hakulia wala hakumtukana. Aliuliza kama behewa lile litasafiri tena. Yuma akasema ndiyo, Alhamisi, na yeye ndiye atakayelikagua. Kwenye karatasi kulikuwa na sehemu ya kuandika ubovu, na pembeni yake sehemu ya kuandika siku ulipoanza.

"Basi andika ile siku," Ngalula alisema. "Siombi bakufunge. Andika tu siku yenyewe."

"Nitaandika," Yuma alisema.

Ngalula alipoondoka, Habiba alimuuliza mumewe kama anafahamu alichoahidi. Yuma akasema anafahamu. Habiba akarudi kwenye unga wake, na siku hiyo hakumtania tena.

Alhamisi Yuma alifika stesheni mapema. Alipanda behewa la tatu, akausukuma mlango kwa bega, nao ukafunguka kama pazia. Alikwenda ofisini kwa Kapya, mkuu wa wakaguzi, aliyeanza kazi naye mwaka mmoja. Kapya aliagiza mara moja behewa litolewe kwenye treni, abiria wapangwe katika mabehewa mengine. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Andika ni leo kitasa kiliharibika," alisema kwa sauti ya chini. "Kitatengenezwa, bantu batasafiri muzuri. Unatafuta nini tena, ndugu yangu?"

Yuma alisema mzee aliyelala hospitali anafikiri amejiangusha mwenyewe.

"Ukiandika Ijumaa, batasoma karatasi ya Jumamosi, fasi uliandika kila kitu ni kizuri. Batakutoa ku kazi ya mabehewa. Miaka kumi na sita, Yuma. Utaenda kufagia depo, na miye sitaweza kukusaidia."

"Najua, shefu."

Kapya alitazama dirishani. Nje abiria walikuwa wakihamisha mizigo, wakinung'unika. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba reli hii inapenda kuhamisha watu kuliko kuwafikisha. Yuma aliwasikiliza. Alifikiri kwamba hata mmoja wao hataegemea mlango ule leo, na kwamba hilo peke yake lingeweza kumtosha mtu ambaye hakuahidi kitu.

Alivuta karatasi, akapanga zile za kaboni chini yake. Kwenye ubovu aliandika: kitasa cha mlango, behewa la tatu. Kwenye siku aliandika: Ijumaa iliyopita, nami niliarifiwa. Akatia sahihi. Aliikandamiza kalamu kwa nguvu, ili herufi zifike wazi mpaka nakala ya tatu, ile ya polisi.