Wanaotufuata Hadi Kwenye Boti

Ukitaka watu wa Kamembe wasahau chai yao hadi ipoe, waulize boti ya watalii isimame wapi. Kila mtu ana lake. Wenye ndugu Karongi wanasema Karongi, kuna visiwa, kuna kahawa, kuna mahali pazuri pa kulala. Wapenda starehe wanasema boti isihangaike na vituo vya njiani, iende moja kwa moja hadi Rubavu watu wakaogelee kwenye ufuko wa mchanga. Hata wasiowahi kukanyaga boti yoyote wana maoni, tena hao ndio wakali zaidi.

Boti yenyewe inaitwa Mapendo. Inaondoka Kamembe Jumamosi asubuhi, inasimama kisiwani Nkombo, inalala Karongi, inafika Rubavu Jumapili, kisha inageuza. Wenye boti walikuwa watatu. Wa kwanza ni Jean-Paul, aliyekulia Bukavu akarudi Rwanda akiwa kijana, mtu wa mipango na simu mbili. Wa pili ni Shadia, muuza vitenge wa hapa mjini, ambaye akishaamua jambo ni heri umwache. Wa tatu alikuwa Munyemana, nahodha, mtoto wa Nkombo. Munyemana alifariki mwezi wa tatu. Asubuhi alikuwa anavaa viatu, akaanguka, ikawa basi. Sehemu yake ya boti ikabaki kwa mkewe, Emerance, ambaye tayari alikuwa anafanya kazi humo: anapokea wageni, anawavalisha maboya, anakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Mazishini Emerance hakulia. Watu walimsifu kwamba ni mwanamke jasiri. Ujasiri gani? Hakukuwa na kitu ndani, ndiyo maana hakikutoka kitu. Alirudi kazini mapema, akakaanga samaki wake, akatabasamu alipotakiwa kutabasamu. Shadia akimuuliza hali, alijibu, "Niko." Na kweli alikuwepo, hilo halina ubishi, lakini ilikuwa kama mtu aliyelala na mkono chini ya ubavu, akaamka akiuona ni wake na hausikii. Chakula alikijua kina chumvi kwa sababu alikumbuka kukitia.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki katika wiki yake, nacho ni Nkombo. Boti ikifunga gati pale, watalii huenda uwanjani kuwaangalia kina mama wakicheza ngoma, huuziwa vikapu, hupiga picha zao. Emerance hupanda kilima hadi kwa mama mkwe wake, Mukundwa. Munyemana amezikwa nyuma ya nyumba hiyo. Wanawake hawa wawili walikaa nje mlangoni, wakazungumza habari za mihogo na bei ya sabuni, na jina la marehemu hakuna aliyeligusa. Boti ikipiga honi, Mukundwa anainuka, anamshika mkono, wanashuka pamoja taratibu hadi majini. Basi. Ungemuuliza Emerance kama safari hiyo inamfariji, angekujibu kwamba hata haisikii. Lakini Jumamosi ndiyo siku pekee aliyochana nywele bila kukumbushwa.

Sasa nieleze kuhusu kusindikiza, ingawa kwetu ni jambo ambalo hakuna anayelieleza. Mgeni hatolewi mlangoni akaachwa. Unatoka naye, unatembea naye, na unavyompenda ndivyo unavyokwenda mbali. Nkombo wanalishika zaidi, labda kwa kuwa kwao mgeni akiondoka anaondokea majini. Kwa hiyo ngoma ikiisha, kina mama, wazee na watoto wote huteremka na wageni hadi gatini, wakiwa karibu karibu, bega kwa bega, bila kuomba chochote. Munyemana alipokuwa hai, kabla boti haijafika kisiwani alishika kipaza sauti akawaambia watalii kwa Kifaransa chake alichokiokota Bukavu: hawa watawasindikiza hadi kwenye boti, msiogope, maana yake ni kwamba wanataka mrudi. Watalii walifurahi kupita kiasi. Wengine walishikana mikono na bibi za watu kuanzia uwanjani hadi chini.

Alipokufa, usukani ukaenda kwa nahodha wa kuajiriwa, na kipaza sauti kikaangukia kwa Emerance. Yeye alitangaza saa ya kuondoka, mahali pa choo, na kwamba boya lisivuliwe. Basi. Hakuacha maneno ya mumewe kwa kusudi. Yalimpita tu, kama mambo mengine mengi yalivyompita mwaka huo.

Jean-Paul ana tabia ya kuwaomba wageni maoni kwa simu kila baada ya safari, halafu anatusomea kama habari ya redio. Maoni hayo yangemtia wazimu mtu mwenye roho ndogo. Mmoja anasema Karongi imetulia mno, usingizi ulimshika saa mbili. Mwenzake wa chumba kile kile anasema Karongi ndiko angependa kuzeekea. Rubavu ina kelele, Rubavu ndiyo ina uhai. Kisiwa cha popo, kile cha karibu na Karongi, kinanuka, kisiwa cha popo ni maajabu. Bwana mmoja wa Kigali alizunguka ziwa lote na kilichomkaa moyoni ni kwamba hakupata brosheti, yaani mishikaki, ya mbuzi.

Ila kuhusu Nkombo, tangu katikati ya mwaka, maoni yakaanza kufanana. Ngoma nzuri, kisiwa kizuri, lakini wanatufuata. Kwa nini wanatufuata hadi kwenye boti? Wanataka nini? Bibi mmoja wa Ulaya aliandika kwamba alikumbatia mkoba wake njia nzima na moyo ukawa juu. Mwingine alishauri kituo hicho kifutwe, muda wake waongezewe Karongi.

Wenye boti wakakutana dukani kwa Shadia, chumba cha nyuma, wakikalia marobota ya vitenge. Jean-Paul alitaka Nkombo ifutwe. Alisema biashara ni mgeni, na mgeni akiogopa harudi wala hamtumi mwenzake. Shadia alikataa katakata. Alisema mchanga na hoteli watu wanavyo kwao, hawakupanda ndege kuja kuangalia hoteli, na boti isiyosimama Nkombo ni lori la kubeba watu juu ya maji. Walibishana mpaka mteja aliyekuja kununua kanga akaondoka bila kuhudumiwa. Wote wawili walijua vizuri kabisa kusindikiza ni nini. Jean-Paul mwenyewe akikutembelea, usipomfikisha barabarani ananuna wiki nzima. Lakini hakuna aliyesema, jamani, si tuwaeleze wageni? Jambo ukilizoea toka utotoni unaliona kama hewa, na hewa hakuna anayeielezea.

Mwishowe Jean-Paul akaleta njia ya katikati. Nkombo ibaki, ila watu wa kisiwani wasiwafuate tena wageni. Ngoma ikiisha, kila mtu akae alipo. Shadia alikunja uso, lakini angalau kituo kilikuwa kimepona, akakubali. Wakamgeukia Emerance.

"Maman Emerance," Jean-Paul akasema, "weye njo uko na sauti ya Munyemana sasa. Unasema nini?"

Emerance alikuwa anatazama uzi uliochomoza kwenye robota. Mtu mmoja tu mle ndani ndiye aliyekuwa amesikia maneno ya kipaza sauti miaka yote, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwa msemaji, na mtu huyo alikuwa yeye. Nakasirika kila nikifika hapa, halafu najikumbusha kwamba huwezi kumkasirikia mtu aliyelala.

"Miye sina shida," akasema.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka ujumbe, kwa kuwa ni mkwe wa pale. Alimpigia Mukundwa simu Ijumaa akiwa anamenya vitunguu. Akamwambia wageni hawapendi kufuatwa, kwa hiyo kuanzia kesho watu wa Nkombo wasishuke na watu wa boti. Mukundwa akasema sawa, atawaambia wenzake. Akauliza kama Emerance anakula. Emerance akasema anakula.

Jumamosi Jean-Paul alipanda boti mwenyewe ili aone. Mambo yakaenda kama alivyotaka. Kina mama walicheza, wageni wakapiga makofi, na ngoma ilipokoma wacheza ngoma wakasimama pale pale uwanjani, mikono imeshikana mbele ya tumbo kama watu walioitwa na mkubwa. Hakuna aliyepiga hatua. Watalii wakateremka peke yao wakizungumza wao kwa wao. Jean-Paul alipiga picha ya njia tupu, akamtumia Shadia.

Emerance alikuwa juu kwa Mukundwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachambua maharagwe kwenye ungo. Walizungumza habari za mihogo. Honi ikalia.

"Maman, ninaenda," Emerance akasema, akainuka.

"Eeh. Uende na amani."

Mukundwa hakuinuka. Vidole vyake viliendelea na maharagwe. Emerance alisubiri kidogo, akajifunga kitenge vizuri ingawa kilikuwa kimefungwa, kisha akaanza kushuka. Alifika kwenye mgomba wa jirani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki nusu wazi, ukiwa umetoka kidogo pembeni, vile ulivyozoea kukaa njia hiyo. Aliuona, akasimama pale, akautazama. Kisha akageuka, akapanda tena.

"Maman, leo haunisindikize?"

"Mulisema bantu ba boti hawapende," Mukundwa akajibu bila hasira. "Weye unakuya na boti, unarudi na boti. Nilisema labda na weye ilikuchokesha."

"Haiko miye."

"Basi wakati walikata ile maneno, weye ulisema nini?"

Emerance angeweza kusingizia. Angesema aliwapinga wakamshinda, na bibi angemwamini. Lakini hata kusingizia kunataka nguvu fulani, na yeye hakuwa nayo.

"Sikusema kitu, Maman. Tangu Munyemana akufe, sisikie kitu. Hata kulia siwezi. Niko tu."

Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kutajwa mlangoni pale tangu mazishi. Mukundwa aliuweka ungo chini. Alimtazama mkwewe, na uso wake haukuwa na lawama. Ulikuwa umechoka tu, uso wa mtu ambaye naye hajasikia kitu muda mrefu.

"Na miye sisikie kitu, mwana wangu," akasema. "Wiki yote nalala, naamuka, sijue juu ya nini. Siku ya posho tu, siku boti inakuya, njo nilikuwa naamuka na kazi. Nilikuwa najiambia, leo iko muntu wa kupeleka ku maji. Ile tu njo ilikuwa inanisimamisha. Sasa mulinikataza."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyotaja bei ya sabuni, na labda ndiyo maana iliingia. Emerance aliisikia ikimpata chini ya kifua, mahali ambapo palikuwa pamekufa ganzi tangu mwezi wa tatu. Iliuma. Iliuma vibaya sana, akashika mlango. Kumbe wiki zote hizo, akishikwa mkono njiani, alidhani yeye ndiye mfiwa anayesaidiwa kushuka, na kumbe mzee huyu naye alikuwa ameshikilia mkono huo huo ili asianguke. Na yeye, kwa kinywa chake, akimenya vitunguu, ndiye aliyemnyang'anya.

"Inaniuma, Maman," akasema. "Inaniuma."

"Ikale, iume tu," Mukundwa akasema. "Kaa."

Chini honi ililia tena, mara mbili, tatu. Simu ya Emerance ikatetemeka kiunoni, jina la Jean-Paul likawaka, likazima, likawaka. Hakuishika. Alikaa kwenye mkeka, na kabla hajajipanga vizuri kilio kikamtoka. Hakikuwa cha adabu. Kilitoka kwa sauti kubwa mbaya iliyowarusha kuku, sauti ambayo ilipaswa kutoka mbele ya jeneza na haikutoka. Mukundwa alimshika kichwa akakiweka mapajani, na machozi yake mwenyewe yakaanza kushuka bila sauti. Boti ikasubiri, ikachoka kusubiri, ikang'oa nanga kuelekea Karongi, na siku hiyo watalii walikaangiwa sambaza na Jean-Paul, ambaye hajui hata mafuta yanapokaa.

Nkombo ni kisiwa kidogo, sauti inafika. Kina mama wa ngoma walikuwa bado wamesimama uwanjani. Waliposikia kilio walijua kinatoka nyumba gani, wakaacha vikapu vyao wakapanda mbio, wengine na mavazi ya ngoma mwilini. Walipofika mlangoni wakawakuta wawili hao chini, mmoja analia kama aliyepata habari sasa hivi. Aliyetangulia akajishika kichwa, akauliza kwa hofu nani amekufa.

Mukundwa akainua uso.

"Munyemana," akasema.

Wakaketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka uwanja wa nyumba ukajaa.