Mmea Wenye Kiu

Baada ya kumzika Mama, Baba alijilaza na hakutaka tena kuinuka. Cherehani yake ilibaki sebuleni imefunikwa shuka, na koti la mteja likining'inia na mkono mmoja tu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi minne kabla. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na imani tu kwamba mtu akipata sababu, hata ndogo, atasimama.

Sababu niliyoipata ilikuwa mmea wa Mama. Ulikaa juu ya kabati, majani yake yenye umbo la moyo yakiteremka hadi karibu na sakafu. Mama aliuita Mkaidi.

"Huu hata ukiusahau wiki mbili hauna kinyongo," alikuwa akisema. "Si kama baba yako, chai ikichelewa kidogo tu ananuna."

Asubuhi moja nilisimama mlangoni mwa chumba cha Baba.

"Baba, Mkaidi ana kiu."

Kisha nikasikia kitanda kikilia. Akatoka, akajaza kikombe, akaumwagilia bila kudondosha tone pembeni, kwa umakini ule ule ya kutunga uzi kwenye sindano. Halafu akakaa, akanywa chai. Nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha.

Kesho yake nikasema tena. Keshokutwa yake pia. Kwa wiki tano Mkaidi alikuwa na kiu kila siku. Majani yalipoanza kugeuka manjano nilijiambia ni joto. Baba alijaza kikombe kama kawaida.

Jumamosi akaja shangazi, dada yake Baba, ambaye mdomo wake hauna breki.

"Humu ndani kunanuka nini? Msomi, soksi zako umezifua lini?"

Alifuata harufu hadi kabatini, akauvuta mmea kwa vidole viwili. Ukatoka wote bila ubishi. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, na maji yakamchuruzika hadi kiwikoni.

"Mmeuzamisha! Huu unanyweshwa udongo ukikauka. Nani kaufanyia hivi?"

Baba alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Alikiweka juu ya cherehani, akarudi chumbani.

Nilimfuata. Alikuwa amegeukia ukuta.

"Baba, kosa si lako. Nilikuwa nakudanganya. Mmea haukuwa na kiu."

"Nilijua. Nilikuwa natia kidole kwenye udongo kila siku. Ulikuwa umelowa chapachapa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasimama hapo, uso umekunjuka. Ningekukatalia vipi, mwanangu?" Akavuta blanketi hadi shingoni. "Nilikuwa naamka kwa ajili yako. Kila siku najiambia, labda kesho nitaamka kwa ajili yangu. Hiyo kesho haikuja. Nimechoka."

Sebuleni shangazi alikuwa akikata shina kipande kwa kipande, akitafuta penye uhai. "Hapa napo pameoza," nilimsikia. "Na hapa." Mkasi wa Baba ulilia mara nyingi, kisha ukanyamaza, shina limekwisha.

Jumapili asubuhi niliingia kwake. Nilifungua kinywa, nikatafuta neno moja la kweli la kumwinua, nikalikosa. Nikakaa sakafuni, mgongo wangu kwenye kitanda chake. Alikuwa macho, nilijua kwa pumzi zake. Jua likapanda dirishani, likapita. Hakuna aliyeinuka.