Agonge Mara Tatu

Watu hawajui kueleza wanapokaa. Mtu amelala nyumba moja miaka kumi, amezalia humo, ameugulia humo, lakini muulize anafikiwa vipi, atakwambia, "Ukifika pale uliza tu." Uliza nani? Jibu hilo lilimkera Bi Ramani kuliko matusi, na matusi alikuwa akiyapata ya kutosha, maana alikuwa mpokea simu kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi, meza ya mabadiliko.

Meza hiyo ndiyo iliyohudumia watu ambao mzigo wao umeshafika mjini lakini haujawafikia. Aliyetaka kuletewa kesho badala ya leo alipiga hapo. Aliyehama, aliyetaka aachiwe jirani, aliyetaka kuja ghalani kuchukua mwenyewe, wote walipiga hapo. Wapokea simu walikuwa sita katika chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, na feni moja ya ukutani iliyogawa upepo kwa upendeleo.

Jina la Ramani alipewa na madereva. Wenzake waliandika "karibu na shule" wakaona wamemaliza kazi. Yeye hakumwachia mtu mpaka amtoe kila kitu: ukishuka unashika kulia au kushoto, geti lina rangi gani, mbwa yupo au hayupo, na kama yupo, anafungwa? Madereva waligombea mizigo aliyoiandika yeye. Alikuwa mjane, watoto wameshakwenda zao, magoti yameanza kumgomea, na hakuwa na mengi ya kujivunia. Hiyo sifa aliipenda, na sioni kwa nini tumlaumu.

Jumanne asubuhi alipiga mwanamke mmoja, sauti yake ya chini kama anayeongea ndani ya shuka.

"Namba ya mzigo nimesomewa na dada yangu," alisema. "Umeletwa kwa anwani yake, lakini mimi sikai kule. Na siwezi kwenda."

Bi Ramani aliingiza namba. "Naona. Umetumwa na bibi wa mtoto. Viatu vya shule."

Mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kucheka. "Huyo ni mama yangu. Aliahidi muda mrefu. Mwanangu anaanza shule wiki ijayo, kila asubuhi ananiuliza viatu vya bibi viko wapi. Mama hata simu hana, huwa anaazima."

"Basi vimefika. Nielekeze kwako, mwanangu, kesho navileta."

"Siwezi kuja huko ghalani nikavichukua mwenyewe?"

Ilikuwa inawezekana. Ilikuwa ya tano kwenye orodha iliyokuwa mbele ya macho yake. Lakini ghala lilikuwa nje kabisa ya mji, na Bi Ramani alimwonea huruma. "Huku ni mbali, utahangaika na mtoto bure. Wewe kaa kwako, vitakukuta."

"Na hayo maelekezo yataonwa na nani?"

"Mimi na dereva. Basi."

Akamvuta pole pole, kama alivyowavuta wengine. Unashuka kiwanda cha sabuni. Unafuata ukuta wa kiwanda mpaka unapoishia, unakata kulia penye mashine ya kusaga. Nyumba ya tatu, geti halina komeo. Unapita uani penye matangi mawili ya maji. Mlango wa kijani, wa mwisho.

"Mchana upo?"

"Mchana nipo na mtoto. Jioni ndiyo nakwenda kazini kwangu." Akasita. "Mwambie dereva agonge mara tatu, asiniite jina. Nikisikia hodi ya namna nyingine sifungui."

Mtu mwingine angeshtuka hapo. Bi Ramani aliyaandika yote, akayasoma tena, akaridhika. Aliwahi kuandika mambo ya ajabu zaidi. Kuna bwana mmoja alitaka dereva apige mluzi.

Saa nane mchana ilipigwa simu nyingine kuhusu mzigo uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Siku hizi wangapi wanaamkia kwenye simu? Alijiweka sawa kwenye kiti.

"Naulizia mzigo wa mama mkwe wangu. Ni mtu mzima, kanituma nimsaidie. Tunasikia kule ulikopelekwa hakuna mtu. Tunaogopa usipotee."

Alitoa namba ya mzigo bila kukosea. Simu aliyopigia ilikuwa ileile iliyoandikishwa na mtumaji. Kwenye kompyuta kikajitokeza kisanduku: mtumaji amethibitishwa. Na ukutani, juu ya feni, lilikuwepo tangazo ambalo kila mfanyakazi alilijua kama jina lake: mzigo ni wa mtumaji mpaka utiwe sahihi.

"Haujapotea," Bi Ramani alisema. "Mpokeaji amebadilisha mahali. Utapelekwa kesho."

"Alhamdulillah. Wapi hapo?"

Akamsomea.

"Samahani, mama, naomba taratibu. Nataka niandike, mama mkwe asije akanisumbua."

Akamsomea tena, sasa kituo kwa kituo, na yule mwanamume akawa anarudia nyuma yake kama mtoto darasani. Ukuta wa kiwanda. Mashine ya kusaga. Matangi mawili. Mlango wa kijani. Agonge mara tatu, asiite jina. Nyuma ya sauti yake injini ya gari ilikuwa inaunguruma.

"Umeeleza vizuri sana," alisema. "Hata kipofu anafika."

Bi Ramani akatabasamu peke yake.

"Na huo mzigo, mama, msihangaike nao tena. Msiupeleke."

"Kwa hiyo viatu vya mtoto..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Alikaa na tabasamu lake mdomoni, halijui pa kwenda. Bibi mzima atume viatu, aogope visipotee, halafu akishajua viko salama aseme msivipeleke? Kisha zikamrudia zile sauti za asubuhi, moja moja. Siwezi kwenda. Yataonwa na nani. Nikisikia hodi ya namna nyingine sifungui. Akavua vifaa vya masikioni, akashuka ghalani na magoti yake mabovu bila kuaga.

Dereva wa pikipiki aliyeitwa Kobe kwa utani, kwa sababu aliendesha kama mtu anayefukuzwa, alikuwa anapakia. Bi Ramani alilichomoa boksi kwenye rafu. Lilikuwa jepesi. Alichukua kisu cha kukatia kamba, akalipasua, jambo ambalo mtu hufukuzwa kazi kwa kulifanya.

Ndani yalikuwa magazeti ya zamani yaliyofinyangwa. Hata kamba ya kiatu haikuwemo.

"Nenda," alimwambia Kobe. "Acha yote. Nenda kiwanda cha sabuni, ukuta, mashine ya kusaga..."

"Nimeshaisoma, Bi Ramani. Lakini kwani..."

"Nenda! Mtoe humo ndani yeye na mtoto, uwapakie, muondoke!"

Alipanda juu akapiga namba ambayo mwanamke alipigia asubuhi. Ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa sokoni. "Aliiazima tu kwangu hiyo simu," alisema. "Nikirudi jioni nitamwambia." Alipiga polisi, akaulizwa kama kuna kosa lililokwisha kutendeka, na kama lipo, aje kuandikisha. Alimpigia yule mwanamume. Iliita mpaka ikachoka.

Kompyuta ikalia. Kila simu ikiisha, mteja hutumiwa ujumbe ampe mhudumu alama. Mteja wa mwisho alikuwa amempa tano kati ya tano.

Kobe alipiga baada ya dakika thelathini na tano. Sauti yake haikuwa na haraka, na hapo ndipo Bi Ramani alipojua.

"Nimefika. Watu wamejaa uani."

"Mlango?"

"Uko wazi. Haujavunjwa, Bi Ramani. Umefunguliwa tu." Alivuta pumzi. "Wamemfunika shuka. Mwanamume amekaa pale kwenye tangi, anasubiri polisi kama mtu anayesubiri kinyozi."

"Na mtoto?"

"Mtoto kabebwa na mama mmoja hapa. Hajaguswa."

Kesho yake msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango, wakasikiliza rekodi mbili mwanzo mpaka mwisho. Bi Ramani alilazimika kujisikiliza akisoma kituo kwa kituo, na akijifurahia. Ilipokwisha, msimamizi alifuta jasho.

"Hujakosea popote," alisema. "Utaratibu umefuatwa. Na hilo la boksi nalifumbia macho."

Alisema kwa wema, akiona amemtua mzigo. Bi Ramani alitamani amtukane. Alitamani afukuzwe pale pale, akabidhiwe mkoba wake. Badala yake alirudishwa kwenye meza, na simu zikaendelea, na watu wakaendelea kusema ukifika uliza tu. Sasa hakuwabana. Aliandika "karibu na shule," akaacha hivyo. Madereva walipotea, wakanung'unika, wakamwacha.

Siku ya tisa akapiga mwanamke mwenye sauti kavu.

"Nina namba ya mzigo," alisema, akaanza kuitaja.

Bi Ramani aliijua namba hiyo kwa moyo. Alimwacha aimalize.

"Ulikuwa wa marehemu mdogo wangu. Mtoto ninaye mimi. Nimehama kule nilikokuwa, ndugu za huyo mtu wananitafuta wanasema mtoto ni wao. Sasa mtoto kila siku viatu, viatu. Mama yake alimwambia vimeshafika mjini. Naomba nivipate."

Msimamizi alikuwa amesimama meza mbili nyuma, na simu zote zinarekodiwa. Bi Ramani alipiga moyo konde.

"Havikuwemo viatu, mwanangu. Yalikuwa magazeti. Bibi hakutuma kitu. Aliutuma huyo mtu mwenyewe."

Upande wa pili, kwa mbali, mtoto alisikika akiimba wimbo usio na maneno.

"Alijuaje mlango?" dada akauliza. "Mimi mwenyewe nilikuwa siujui. Alikataa kuniambia hata mimi."

"Mimi nilimwambia. Alipiga simu, nikamsomea."

"Ulimsomea."

"Mara mbili."

"Na namna ya kugonga?"

"Na namna ya kugonga."

Bi Ramani alisubiri matusi. Aliyataka. Angeyapokea yote, moja baada ya jingine, asingekata simu. Hayakuja. Machozi yalimtoka mbele ya wenzake watano, na hakuyafuta.

"Nitamnunulia viatu mimi," alisema. "Leo leo. Niambie anavaa namba ngapi na mnakaa wapi, nitavileta kwa mkono wangu."

Mtoto alikuwa ameacha kuimba, na sasa alikuwa anauliza, karibu kabisa na simu, kama anayeongea ni bibi.

"Ishirini na saba," dada akasema. "Vyeusi. Viache hapo ghalani, nitakuja kuvichukua mwenyewe."

Akakata.

Bi Ramani alifungua mzigo mpya. Aliandika viatu vya shule, vyeusi, ishirini na saba. Akashuka kwenye orodha mpaka ya tano, mpokeaji atachukua mwenyewe, akabonyeza. Kompyuta ikakubali pale pale. Haikuuliza njia, wala rangi ya mlango, wala mgeni agonge vipi.