Samaki wa Mwalimu

...bado anahema, mashavu yanapanda na kushuka, na Tulinagwe amemshika kwa viganja viwili ndani ya beseni, si kwa nguvu, maji ni yale yale ya kwenye tangi la kioo kwa sababu marehemu mume wake alikuwa akisema, usimbadilishie maji ghafla, mama Hellen, samaki naye hushtuka, na Jairo, rafiki wa marehemu, bwana mifugo mstaafu, amepiga goti kwenye zulia la sebuleni na wembe mpya mkononi, anasubiri neno moja tu, akate au asikate, "Ng'ombe nimepasua wengi, shemeji, toka Lufingo mpaka Matwebe, ila samaki nimezoea kumpasua limao likiwa pembeni," anasema, anataka acheke, na yeye angependa kumchekea, lakini macho hayabanduki kwenye kile kinundu, kimeota kwenye shavu la kushoto, chekundu, kama punje ya hindi iliyolowa, mwezi uliopita kilikuwa kama kichwa cha pini na alikiona, akajiambia ni uchafu wa maji... "Nikiweka tone la mafuta ya karafuu atalala, nitakata haraka, huenda asiamke, sikufichi, lakini tukikiacha kitaziba shavu lote, ashindwe kuhema," na hayo ameshayasema mara mbili, na Modesta, mwenzake wa kikundi cha akina mama kanisani, amekaa kwenye kochi, kikombe cha chai gotini, anauliza taratibu, "Sasa mama Hellen, na huyu naye tumwombee?" na kucheka kidogo, hana ubaya Modesta, aliosha vyombo vya msiba siku nne bila kuambiwa, ila hilo neno, tumwombee, lingekaa huko huko liliko... Marehemu Emiliani angecheka pia, mwalimu wa baiolojia, mtu wa Songea, alipangiwa kufundisha hapa Tukuyu akiwa kijana, akaoa hapa, na hapa amezikwa, alipostaafu akaenda Mbeya akarudi na tangi la kioo na samaki mmoja wa rangi ya dhahabu, majirani wakajaa mlangoni, mwalimu, huyo ni wa Pasaka?, akasema huyu haliwi, ni wa kutazama, mzee Nsajigwa akavuta kiti, haya basi, tutazame tushibe... walicheka mpaka machozi, na mwaka huo huo uvimbe ukamtoka Emiliani chini ya taya, mdogo, hauumi, daktari akasema mmewahi, tukate mapema, Emiliani akamgeukia mkewe, unasemaje, mama Hellen?, na yeye akasema, tuombe kwanza, siku saba tu, kwa sababu alimwamini Mungu na kisu alikiogopa, akina mama wakafunga, wakaja jioni kwa jioni wakamwekea mikono, na siku ya saba yeye mkewe akaugusa kwa kidole, Jumapili akasimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, umepungua, wapendwa, umebaki kama harage, vigelegele vikapigwa, Modesta alilia, ndaga Kyala, asante Mungu, kanisa zima... na baada ya hapo ungeendaje hospitali, watu wangesema Mungu aliishia njiani, wiki zikawa miezi, na Emiliani akaanza kuvaa skafu ya sufu kwenda ibadani, na kwa baridi hii ya Tukuyu nani atamuuliza mwanaume habari ya skafu, mkewe mwenyewe alidhani ni baridi... tangu amzike, mwaka mzima sasa, anamnung'unikia Mungu jikoni, shambani, kwenye migomba, ulinipa, kwa nini ukaninyang'anya, ulikuwa umeshaupunguza, nilikushuhudia mbele za watu, ukaniacha na aibu... samaki anajipinda kidogo, na ncha ya kidole chake inakipitia kile kinundu, kigumu, kinateleza, na kidole kinakumbuka, kinakumbuka chenyewe kabla yeye hajataka, siku ya saba, shingo ya Emiliani, uvimbe ulikuwa vile vile, haukuwa harage, haukupungua hata chembe, kidole kilijua, na yeye akakikatalia... Ee Bwana, hakuna ulichoninyang'anya, hukuwa umenipa, nilikusingizia... na Emiliani je, mtu aliyenyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo, aliyefundisha watoto wa watu habari za mwili miaka thelathini, alijua, alikaa pale benchi la tatu akisikia mkewe anashuhudia na uvimbe uko shingoni mzima, kisha akaenda dukani akanunua skafu, ili mkewe asiitwe mwongo, akaivaa mpaka ikawa haifungiki tena, na hakusema, wala mara moja, wala usiku ule wa mwisho alipomshika mkono tu... angemkemea, angempiga hata kofi, ingekuwa nafuu kuliko hii... "Shemeji, goti langu si la kijana tena," anasema Jairo, kwa upole, "sema chochote," na Modesta ameweka kikombe chini, anamtazama, "Mama Hellen, unalia kwa ajili ya samaki?" na neno lenyewe lipo, dogo, halidai siku saba wala mfungo, hata siku ile mbele ya daktari lilikuwepo, lingetoka tu, mkateni, angelisema akarudi nyumbani na mume, na sasa analiogopa, wala si kwa ajili ya samaki, ila akilitamka hapa, Modesta akisikia, atakuwa ameshaanza kulisema na lile jingine, kwamba uvimbe wa Emiliani haukupungua, na likishaanza halitaishia sebuleni...