Mgongo kwa Mgongo

Mama yangu hakiamini kitu kisichovishwa plastiki. Rimoti ina mfuko wake, na viti vya sebuleni hatujawahi kuvikalia. Tunakalia plastiki yake. Kwa hiyo sikupaswa kushangaa siku ile nilipofika dirisha namba nne la wizara, mimi muuguzi mzima, na afisa wa mihuri akakishika cheti changu cha kuzaliwa kwa ncha za vidole.

"Hiki kimepigwa laminesheni," akasema.

"Ili kisiharibike," mama akamjibu kwa fahari. Nilikuwa nimemwomba abaki nyumbani. Alisema yeye ndiye aliyenizaa, na kama ni kuthibitisha jambo hilo, shahidi ni yeye.

Afisa hakucheka. "Mbele sina shida, nasoma tu. Muhuri tunagonga nyuma, na wino haushiki plastiki." Akakigeuza. Akavua miwani, akaivaa tena. "Na huyu ni nani?"

Nyuma ya cheti changu, ndani ya plastiki ileile, kilikuwamo cheti cha mama cha elimu ya watu wazima.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilifaulu."

Enzi hizo fundi wa laminesheni alitoza kwa plastiki, si kwa karatasi. Mama ni fundi cherehani, mtu wa kutoa magauni mawili kwenye kitambaa cha gauni moja, basi akatuweka mgongo kwa mgongo. Nyumbani tulining'inia ukutani kwa zamu: wiki hii nazaliwa mimi, wiki ijayo anafaulu yeye.

"Kaombe cheti kingine," afisa akasema. "Kama mwezi hivi utakipata."

Mwezi! Ilikuwa Jumatano. Hospitali ya ng'ambo iliyokubali kuniajiri ilitaka karatasi zote ziwe na mihuri kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nafasi hiyo niliisubiri miaka miwili. Machozi yalitaka kunitoka, hasira ikayawahi.

"Mama, umenimaliza! Wewe na plastiki zako!"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Niliona haya papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama alikichukua cheti, akapitisha kidole gumba pembeni, kama afanyavyo mteja akimletea koti kuukuu.

"Hiki ni nguo na bitana," akasema. "Bitana haishikwi katikati, inashikwa pindoni. Mkasi wangu uko wapi?"

Mkasi ulikuwa getini. Mlinzi alimnyang'anya asubuhi, wakabishana robo saa nzima. Sasa mlinzi akakataa kuutoa, mama akakataa kuondoka. Mwishowe wakaafikiana: mkasi utumike palepale juu ya meza ya ukaguzi, na mlinzi mwenyewe ashike upande wa pili wa cheti. Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyoangukia mikononi mwa watu wawili ambao hawakuwa wakisalimiana.

"Taratibu, mama," mlinzi akanong'ona.

"Nimeanza kukata nguo wewe hujazaliwa. Shika vizuri, usitikise."

Akakata ukingo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nilifumba macho. Nikasikia plastiki ikilia kidogo, kisha mlinzi akapiga makofi.

Vyeti vilikuwa vimeachana. Mbele ya changu plastiki ilishika vilevile, lakini mgongoni ilikuwa karatasi tupu, kavu, haijaguswa na gundi hata chembe. Nilimkumbatia mama na mkasi wake, mlinzi akapiga kelele kwamba tutaumizana.

Tuliporudi ndani, afisa aliupapasa mgongo ule mara tatu akitafuta sababu ya kukataa. Akaikosa. Akagonga.

"Na hiki?" Mama akasukuma chake dirishani.

"Unasafiri, mama?"

"Sisafiri."

"Basi hakina haja ya muhuri."

"Haja ninayo mimi."

Hapo afisa alicheka, lakini hakugonga.

Kesho yake ubalozi ukagonga muhuri wa kwao, na Ijumaa asubuhi karatasi zikafika zilikotakiwa. Tiketi ilikuja baada ya wiki tatu. Siku moja kabla ya kuondoka nilimsindikiza mama kwa fundi wa laminesheni, maana cheti chake kilikuwa na plastiki upande mmoja tu na nilijua hali hiyo inamnyima usingizi.

Fundi akakigeuza. "Nyuma pako wazi, mama. Huna kingine tukiweke? Bei ni ileile."

Nikamtazama mama, mtu ambaye hata kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja hakitupi. Akanyoosha mkono, akakichukua cheti chake.

"Basi usikipige," akasema. "Hapo pana mwenyewe. Akirudi tutavipiga pamoja."

Akakitia mkobani hivyohivyo, mgongo wazi, akanishika mkono tukaenda nyumbani.