Kiti cha Kondoo

Kiti kile baba alikitengeneza mwenyewe, fremu ya bomba yenye wavu katikati, inayoegemezwa ukutani. Unamkalisha kondoo kwa makalio, miguu yote juu, mgongo unazama kwenye wavu, halafu unamkata kwato utakavyo. Hafurukuti hata kidogo.

"Msidhani ametulia," baba alikuwa akitufokea tulipocheka. "Ameogopa mpaka amekata tamaa. Fanyeni haraka mmteremshe."

Tangu apigwe na kiharusi, baba hasemi, na ni mkono mmoja tu unaofanya kazi. Ukija kumnyoa, anakutwanga nao.

Jana nilirudi kutoka sokoni nikamkuta zizini. Kaka alikuwa amemkalisha kwenye kiti kile, magoti yamefika kidevuni, anamnyoa. Wifi yangu kashika beseni la maji, anacheka mpaka machozi yanamtoka, mjinga yule.

"Kaka, huna haya? Huyo ni baba yako!"

"Punguza mdomo, dada. Wiki nzima ananirushia ngumi. Leo hebu mwone alivyotulia."

Nilimwona. Ule mkono mzima ulikuwa umekunjwa juu ya kifua, umelegea kama mguu wa kondoo. Macho yake yalikuwa kwangu.

Nikamtia mikono kwapani nimvute. Hakutoka. Fundi alikuwa fundi kweli, kiti chake hakimwachii mtu.

Kaka akafuta wembe kwenye suruali, akauweka kando, akaokota mkasi wa kwato.

"Mwache hapo hapo," akasema. "Bado kucha."