Mbwa wa Wifi

Spanieli ni mbwa wa ukubwa wa kati. Ndivyo alivyoniambia wifi, mke wa kaka yangu, na kweli mbwa huyu ni wa kati kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Mimi nala maharage, yeye nyama. Masikio yake marefu hayaishi kuuma, na daktari wa mifugo hatibu kwa asante. Manyoya ndiyo usiseme. Mimi ni fundi cherehani. Bwana harusi mmoja alinirudishia suti nyeusi akaniuliza kama nimeishona au nimeifuga. Mbwa tunamwita Mheshimiwa, maana kitanda ni chake.

Lakini nimgawe vipi, mali ya mtu? Kaka alipohamishwa kikazi, wifi alisimama mlangoni, teksi inanguruma nje, akasema, "Wifi, nakuachia mbwa." Nikamjibu, "Usijali, utamkuta." Alikuwa ameshaingia garini. Huu mwaka wa tatu.

Leo asubuhi msimamizi wa kiwanda cha sare alinipigia simu. Anatafuta fundi mkuu, mshahara wa uhakika, na chumba humo humo kiwandani. Niliitaka kazi ile kwa roho yangu yote.

"Ila mama, wanyama hapana," alisema. "Na jibu nalitaka leo, wenzio wako foleni."

Nilizunguka mtaa mzima na Mheshimiwa nikitafuta wa kunishikia.

"Kwa muda gani?" jirani aliuliza.

Nikarudi nyumbani, nikajikaza kisabuni, nikampigia msimamizi na kuikataa kazi. Baadaye hasira zikanipanda. Miaka yote nilikuwa naona haya kumuuliza wifi, asije akadhani nimemchoka mbwa wake. Sasa haya ikaniisha, nikampigia.

"Wifi, mbwa wako unamchukua lini?"

"Mbwa gani?"

"Mheshimiwa!"

"Haa! Bado unaye?" Akacheka. "Si nilikuachia? Nilikupa, wifi yangu. Mimi nilijua umeshamuuza zamani!"

Nimewahi kuachiwa funguo, nikaachiwa sufuria, nikaachiwa hata watoto wa watu, na kila mara mwenyewe alirudi kuchukua. Haikunijia akilini kabisa kwamba mtu anaweza kukuachia kitu moja kwa moja bila kwanza kufa.

Nilimkatia simu, nikampigia msimamizi.

"Ah, mama, umechelewa," alisema. "Nafasi nimeshampa mwingine. Yuko hapa anapima chumba, anaangalia kitanda chake kitaingiaje."

Nilimchukia wifi, nikajichukia mimi zaidi. Nikakaa juu ya rundo la vitambaa nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Mheshimiwa akashuka kitandani, akajinyoosha, akaenda kusimama mlangoni akinitazama. Saa yake ya kutembezwa ilikuwa imefika. Nikavaa viatu.